Starehe ya joto katika maeneo ya majokofu madukani

Starehe ya joto katika maeneo ya majokofu madukani ni hali ya mtu kuridhika na joto au baridi inayomzunguka anapokuwa karibu na vyombo vya kuhifadhi chakula kwa baridi, kama vile rafu za maziwa, friza za nyama na samaki au friji za vinywaji. Inamhusu mteja anayepita kwa dakika chache, mfanyakazi anayepanga bidhaa kwa saa nyingi, na mwenye duka anayelipa umeme. Ugumu wake ni kwamba chakula kinataka joto lake na binadamu anataka lake. Maziwa na nyama mbichi hutakiwa kukaa kati ya 0 °C na takriban 4 °C, na chakula kilichogandishwa kwenye −18 °C au chini zaidi, ilhali mtu aliyevaa shati la mikono mifupi huona raha kwenye nyuzi ishirini na kitu.

Katika jiji la Dar es Salaam, hasa katikati ya mji na Kariakoo, suala hili lina sura mbili zinazopingana. Ndani ya supamaketi yenye majokofu ya wazi, majokofu humtia mteja baridi. Katika duka dogo la Kariakoo lenye friji mbili tatu za vioo, friji humwongezea muuzaji joto. Tofauti hiyo haitokani na ubora wa mashine bali na mahali joto linapotupwa.

Namna starehe ya joto inavyopimwa

Mtu hahisi kipimajoto. Anahisi jinsi mwili wake unavyopoteza au kupokea joto. Kwa sababu hiyo wataalamu hutazama mambo sita kwa pamoja: joto la hewa, joto la kuta na vitu vinavyomzunguka mtu, mwendo wa hewa, unyevu wa hewa, nguo alizovaa, na kazi anayofanya. Mtu anayesukuma toroli lenye katoni hutengeneza joto jingi mwilini kuliko keshia aliyekaa, hivyo hewa ya 20 °C inaweza kumfaa wa kwanza na kumsumbua wa pili.

Mfumo unaotumika zaidi duniani ulitungwa na Povl Ole Fanger, mhandisi wa Denmark, katika kitabu chake cha mwaka 1970. Fanger aliunganisha mambo hayo sita katika hesabu moja inayotoa alama kuanzia −3 (baridi kali) hadi +3 (joto kali), sifuri ikiwa katikati. Hesabu hiyo inakubali pia kwamba hakuna hali inayomridhisha kila mtu: hata kwenye sifuri, mtu 1 kati ya 20 hukadiriwa kuwa hajaridhika. Kiwango cha kimataifa cha ISO 7730 kimejengwa juu yake, nacho huongeza masharti kuhusu usumbufu wa sehemu moja ya mwili. Mojawapo lina uzito mkubwa dukani: kwa jengo la kawaida, hewa ya usawa wa kichwa na ile ya vifundo vya miguu zisitofautiane kwa zaidi ya nyuzi 3 hivi. Mtu anaweza kuwa na wastani mzuri wa joto na bado akalalamika kwa sababu miguu yake imepoa.

Fanger alitegemea majaribio yaliyofanywa na vijana wa Denmark na Marekani waliokaa katika vyumba maalumu. Mwaka 1998 Richard de Dear na Gail Brager walionyesha kwamba katika majengo yanayopitisha hewa ya nje, watu huzoea hali ya hewa yao na joto wanaloliona zuri hupanda pamoja na joto la nje. Kwa kanuni yao, mahali ambapo wastani wa joto la nje ni 28 °C, kama Dar es Salaam mwezi Februari, joto la ndani linalofaa ni karibu 26.5 °C. Mwezi Julai, wastani ukiwa karibu 24 °C, linashuka hadi karibu 25 °C. Duka lililopozwa hadi 20 °C kwa kufuata mazoea ya Ulaya linakuwa limepita lengo kwa wateja wengi wa jiji hilo, hata kabla majokofu hayajaongeza baridi yake.

Hali ya hewa ya Dar es Salaam

Jiji liko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kando ya Bahari ya Hindi. Kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa upepo wa kaskazi, joto la mchana hufikia 31 °C au 32 °C, na usiku halipungui sana. Kipindi cha Juni hadi Agosti ndicho chenye nafuu, ambapo usiku huweza kushuka hadi karibu 19 °C. Lakini kinachotofautisha pwani na Dodoma au Arusha ni mvuke: hewa ya asubuhi mara nyingi huwa na unyevu unaozidi asilimia 80, na jasho huchelewa kukauka.

Majengo ya soko yalizingatia hali hiyo tangu zamani. Jengo kuu la Soko la Kariakoo lilisanifiwa na Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea usanifu majengo nchini Israeli, na kujengwa katika miaka ya 1970. Paa lake ni miavuli ya zege inayotoa kivuli, inayoacha hewa ipite chini yake, na inayokusanya maji ya mvua. Starehe ndani ya jengo la namna hiyo hutoka kwenye kivuli na upepo, si kwenye mashine. Moto ulioteketeza soko hilo tarehe 10 Julai 2021 uliwasukuma wafanyabiashara wengi kwenda maeneo mengine na kwenye mitaa ya jirani, ambako vyumba ni vidogo na upepo ni haba. (Jina la Kariakoo linatokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Halina uhusiano na Willis Carrier, Mmarekani aliyebuni kiyoyozi cha kwanza cha kisasa mwaka 1902, ingawa leo jina la Carrier huonekana kwenye viyoyozi mitaani.)

Supamaketi zenye safu ndefu za majokofu zilikuja baadaye, kwa sehemu kubwa kupitia kampuni za nje. Shoprite ya Afrika Kusini iliendesha maduka jijini hadi mwaka 2014, yalipochukuliwa na Nakumatt ya Kenya, ambayo nayo ilianguka miaka michache baadaye. Maduka ya aina hiyo huja na ramani, majokofu na viwango vilivyokwisha kubuniwa kwingineko, na humo ndimo tatizo la baridi ya njia za majokofu linapoanzia.

Baridi inavyomwagika kutoka kwenye jokofu la wazi

Jokofu la wazi la kusimama ni kabati la rafu lisilo na mlango. Linapendwa na wenye maduka kwa kuwa mteja huona bidhaa na kuichukua bila kizuizi. Kinachoshikilia baridi ndani yake ni pazia la hewa: feni hupuliza hewa baridi kutoka ukingo wa juu, ikashuka mbele ya rafu na kufyonzwa na matundu yaliyo chini. Pazia hilo halionekani na si imara. Kila mkono unaoingia hulipasua, toroli linalopita hulitikisa, na feni ya dari au mlango ulio wazi karibu yake huweza kuliharibu kabisa.

Katika majokofu ya aina hii, hewa ya dukani inayopenya kupitia pazia huchangia takriban asilimia 70 hadi 80 ya joto lote ambalo mashine inalazimika kuliondoa. Kiasi hichohicho cha hewa baridi humwagika nje. Kwa kuwa hewa baridi ni nzito, hushuka na kutambaa sakafuni. Matokeo yake ni hewa ya tabaka mbili: kichwani mteja anahisi joto la kawaida la duka, na miguuni, hasa aliyevaa kandambili au viatu vya wazi, anahisi baridi kama amesimama kwenye maji. Njia nyembamba yenye majokofu pande zote mbili ni mbaya zaidi, kwa sababu baridi haina pa kutawanyikia.

Mwili pia hupoteza joto kwa mnururisho kuelekea vitu baridi, bila hewa kuhusika. Mtu aliyesimama mbele ya ukuta wa rafu zenye 4 °C hupoa upande mmoja hata pale kipimajoto kilichotundikwa katikati ya njia kinapoonyesha 22 °C. Ndiyo maana malalamiko ya wateja na takwimu za meneja mara nyingi havikubaliani, na katika mabishano hayo mteja huwa na haki: kipimajoto kimoja cha ukutani hakipimi kinachompata.

Friza za kulala, zenye uwazi kwa juu, hazina tatizo kubwa la namna hiyo. Baridi yake hubaki ndani kama maji kwenye beseni. Zikiwekewa kifuniko cha kioo, hewa inayotoka ni kidogo sana.

Mvuke wa pwani

Sehemu ngumu zaidi kwa maduka ya Dar es Salaam ni unyevu, si joto lenyewe. Majokofu ya maduka hupimwa kiwandani kwa kufuata kiwango cha ISO 23953, na daraja linalotumika zaidi ni la 3, yaani hewa ya 25 °C yenye unyevu wa asilimia 60. Ni hewa ya duka lililofungwa na lenye kiyoyozi kinachofanya kazi. Hewa ya nje ya jiji siku ya kaskazi inaweza kuwa 30 °C yenye unyevu wa asilimia 75.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka mvuke uhesabiwe. Mita moja ya ujazo ya hewa ya daraja la 3 ina karibu gramu 14 za mvuke. Ile ya nje ina karibu gramu 23. Hewa ya 4 °C haiwezi kubeba zaidi ya gramu 6.4. Kwa hiyo kila mita ya ujazo inayoingia kwenye jokofu na kupozwa huacha maji: gramu 7 hivi katika hali ya kiwandani, na gramu 16 ikiwa hewa ya nje imeingia moja kwa moja. Kugeuza mvuke kuwa maji kunahitaji kuondoa joto jingi. Katika mfano wa hewa ya nje, kuondoa mvuke kunadai takriban kilojuli 41, na kuipoza hewa yenyewe kilojuli 30 tu. Zaidi ya nusu ya kazi ya mashine inakuwa ni kukausha hewa ya bahari.

Maji hayo huganda juu ya mabomba ya baridi ndani ya jokofu. Barafu ikizidi, hewa haipiti, na jokofu hulazimika kusimama mara kadhaa kwa siku ili barafu iyeyuke, wakati ambapo joto la chakula hupanda kidogo. Nje ya jokofu, vioo hutoa jasho. Hewa ya 25 °C na unyevu wa asilimia 60 huanza kudondosha umande kwenye kitu chochote chenye chini ya 17 °C hivi. Hewa ya 30 °C na asilimia 75 huanza kufanya hivyo kwenye 25 °C. Chuma cha ukingo wa jokofu, kioo cha mlango, hata vigae vya sakafu vilivyopozwa na hewa inayotambaa, vyote hulowana. Mteja huona ukungu badala ya bidhaa, na sakafu huteleza. Majokofu mengi yenye milango huwekewa nyaya za kupasha vioo joto ili visitoe jasho, jambo linalomaanisha umeme unatumika kupoza ndani na umeme mwingine kupasha mlango wa chombo hichohicho.

Hapa pana mtego ambao mafundi huukuta mara kwa mara. Kwa kuwa majokofu ya wazi yanapoza ukumbi, kiyoyozi cha duka huona joto limeshuka na hujizima. Kiyoyozi kilichozimika hakikaushi hewa. Unyevu hupanda, majokofu huchukua kazi ya kuuondoa, na yakifanya hivyo humwaga baridi zaidi. Duka linakuwa baridi na chepechepe kwa wakati mmoja, hali ambayo wateja huieleza kwa kusema hewa ni nzito. Mlango wa mbele unaoachwa wazi ili kuvutia wapita njia, kama ilivyo desturi kwenye mitaa yenye watu wengi, huzidisha yote hayo.

Duka dogo la Kariakoo

Kwenye mitaa ya Msimbazi, Kongo, Sikukuu au Tandamti, baridi huuzwa kwa njia nyingine. Duka la kawaida la vinywaji lina friji za mlango wa kioo, mara nyingi zenye nembo ya kampuni ya soda au bia, na friza ya kulala yenye kifuniko. Muuzaji humwuliza mteja kama anataka ya baridi au ya moto, na "ya moto" hapo ina maana ya soda iliyokaa tu rafuni. Kwa kuwa kuna mlango na kifuniko, hakuna baridi inayotambaa sakafuni.

Lakini friji ya aina hii hubeba mashine yake yote ndani yake. Kompresa na kondensa viko chini au nyuma, na joto lililotolewa kwenye soda hupulizwa ndani ya chumba kilekile, pamoja na joto la umeme uliotumika. Joto lililopenya kuingia kwenye friji lilitoka chumbani na linarudishwa chumbani. Kinachoongezeka ni umeme. Friji inayotumia wastani wa wati 300 hukipasha chumba sawasawa na watu watatu waliokaa humo, maana mtu aliyetulia hutoa takriban wati 100. Friji tatu katika chumba kidogo kisicho na dirisha la nyuma ni kama umati wa watu tisa usiotoka mchana kutwa. Friji zikipangwa zimebana ukuta, kondensa hukosa hewa, mashine hufanya kazi muda mrefu zaidi, na joto huongezeka tena. Kusogeza friji mbele ili hewa ipite nyuma yake, na kusafisha vumbi kwenye kondensa, ni msaada wa bei rahisi kwa muuzaji na kwa bili yake.

Supamaketi kubwa kwa kawaida huweka kompresa katika chumba tofauti na kondensa juu ya paa au ukutani nje. Joto lililokusanywa kutoka kwenye njia za maziwa na nyama hutupwa mtaani, na ukumbi unabaki umepungukiwa joto. Katika mitaa iliyobanana katikati ya mji, kinachotupwa nje na duka moja huweza kuwa hewa ya dirishani kwa jirani.

Mteja

Mteja anayeingia kutoka kwenye jua la saa nane mchana huwa amelowa jasho. Dakika za kwanza katika baridi humpa raha kubwa. Michel Cabanac, mwanafiziolojia wa Ufaransa, alieleza mwaka 1971 kwamba kitu kilekile hupendeza au huchukiza kulingana na haja ya mwili kwa wakati huo: baridi ni tamu kwa mwili uliopata joto, na huacha kuwa tamu mwili ukishapoa. Jasho lililobaki kwenye nguo huendelea kukauka katika hewa kavu na baridi, likichukua joto la mwili, na mteja hupita upesi kutoka raha hadi kutetemeka.

Wenye maduka wakati mwingine huamini kwamba baridi kali huvutia wateja. Huvutia kuingia, haifanyi watu wakae. Mtu aliyeanza kusikia baridi hupita haraka kwenye njia ya majokofu bila kulinganisha bei wala kusoma tarehe ya mwisho ya matumizi. Watoto wachanga waliobebwa, wazee, na watu wenye pumu ambao hewa baridi huweza kuwaletea kubanwa na kifua, huathirika mapema zaidi. Mtandio, kanga ya pili au koti jepesi hubadilisha hesabu kabisa, lakini si kawaida ya mkazi wa Dar es Salaam kutoka nyumbani na sweta mwezi Februari.

Wafanyakazi

Kwa mfanyakazi, muda ndio unaobadilisha kila kitu. Anayepanga mtindi na maziwa, anayekata nyama kwenye kaunta ya bucha ya supamaketi na anayeingia kwenye chumba cha baridi kutoa katoni hukaa katika hali ambayo mteja huivumilia kwa dakika tano. Vidole ndivyo huanza kudhoofika. Ngozi ya mkono ikishuka chini ya takriban 15 °C, wepesi wa vidole hupungua waziwazi, na kwa mtu anayeshika kisu au kuendesha mashine ya kukatia nyama hiyo ni hatari ya ajali. Nyama yenye unyevu na barafu ya samaki hupoza mkono upesi kuliko hewa.

Jambo jingine ni kuingia na kutoka. Mpangaji wa bidhaa anaweza kutoka kwenye friza ya −18 °C hadi sehemu ya kupokelea mizigo nyuma ya duka yenye 33 °C, mara kadhaa kwa saa moja, tofauti ya zaidi ya nyuzi 50. Koti zito linalomfaa ndani humtoa jasho nje. Akilivua na kurudi ndani na shati lililolowa, anapoa haraka kuliko ambaye hakutoka jasho. Kinachofaa zaidi ni nguo za tabaka zinazofunguka kwa urahisi, glavu kavu za kubadilisha, viatu vya kufunika vyenye soli nene isiyoteleza, na kupanga kazi ili safari za kuingia kwenye friza ziunganishwe. Glavu moja inayozunguka kwa wafanyakazi watatu, kama ilivyo katika maduka mengine, haimkingi yeyote kati yao.

Mara nyingi husemwa kwamba baridi ya friza huleta nimonia. Nimonia husababishwa na vimelea kama bakteria na virusi, si baridi yenyewe. Hata hivyo malalamiko ya wafanyakazi yana msingi: hewa baridi huchochea pumu, hukaza mishipa midogo ya damu ya vidole kwa watu wenye maumbile hayo, na huongeza maumivu ya misuli na viungo kwa anayerudia kazi ileile siku nzima.

Nchini Tanzania mwajiri anawajibika kuweka mazingira salama ya kazi chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, maarufu kwa kifupi cha OSHA. Vifaa vya kujikinga ni jukumu la mwajiri, si ununuzi wa mfanyakazi. Usalama wa chakula chenyewe uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania tangu mwaka 2019. Duka moja hutazamwa kwa macho mawili tofauti: mkaguzi wa chakula anauliza kama jokofu lina baridi ya kutosha, na mkaguzi wa kazi anauliza kama aliye mbele yake hana baridi kupita kiasi. Chumba cha baridi kinachoingiliwa na watu kinapaswa kuwa na mlango unaofunguka kutoka ndani na taa inayowaka ndani, kwa kuwa kufungiwa humo kunaweza kuua.

Njia za kupunguza tatizo

Tiba kubwa ni mlango. Jokofu la kusimama likiwekewa milango ya kioo, hewa inayopenya hupungua sana, njia hupata joto la kawaida na matumizi ya umeme hushuka. Nchini Ufaransa, mwaka 2012 maduka makubwa yaliahidi kwa serikali kufunga milango kwenye sehemu kubwa ya majokofu yao ya wazi. Hofu ya kwamba mlango utapunguza mauzo ndiyo iliyochelewesha hatua hiyo katika nchi nyingi. Kariakoo, ambako kila friji ya soda ina mlango na bado inauza mchana kutwa, hofu hiyo haina ushahidi mwingi wa kujitetea. Mlango una masharti yake katika hewa ya pwani: kila unapofunguliwa kioo hupata ukungu, na mpira wa ukingo ukichakaa maji hudondoka sakafuni.

Pale ambapo milango haiwezekani, mapazia ya kuteremshwa usiku huokoa saa zote ambazo duka limefungwa. Mchana, rafu zisijazwe kupita mstari wa mwisho, kwa kuwa pakiti iliyochomoza hukata pazia la hewa na kuziba matundu ya kufyonza. Feni za dari zisielekezwe kwenye majokofu. Baadhi ya maduka hufyonza hewa baridi iliyotambaa sakafuni na kuipeleka sehemu ya makeshia, ambako joto huwa kubwa zaidi, hivyo baridi iliyokwisha kulipiwa hutumika mara ya pili. Kwa duka la Dar es Salaam, kiyoyozi kinachodhibiti unyevu na mlango wa mbele unaojifunga huweza kusaidia kuliko kuongeza nguvu ya majokofu.

Umeme ukikatika

Mpango wowote wa starehe hupimwa umeme unapokatika. Tanzania imepitia vipindi vikali vya mgao, ikiwemo mwaka 2006, 2011 na kati ya 2022 na 2023, kabla ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha umeme mwezi Februari 2024. Duka lenye jenereta ndogo kuliko mahitaji yake hulazimika kuchagua, na kwa kawaida huokoa friza kwanza, kisha majokofu ya maziwa, na kuzima kiyoyozi. Uamuzi huo ni sahihi kwa chakula, lakini ndani ya muda mfupi ukumbi hujaa joto na mvuke, na majokofu ya wazi hujikuta katika hewa iliyo mbali na ile waliyopimiwa. Wateja hutokwa na jasho njia ya unga na mchele na kupata baridi miguuni njia ya maziwa, hatua chache tu baina yake.

Maduka yenye friza za kulala hustahimili zaidi. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hukaa imeganda kwa siku moja au zaidi, na wauzaji wengi huitandikia blanketi au maboksi juu ya kifuniko. Jokofu la wazi hupoteza baridi yake ndani ya saa chache, kwa hiyo wafanyakazi huhamishia maziwa na nyama kwenye chumba cha baridi, mlango ukifunguliwa kwa mpango, mtu mmoja akiwa ndani na mwingine nje akihesabu katoni.